Vim ndani ya tmux: rangi zilizonitesa wiki nzima

Mwaka wa saba huu natumia Vim, programu ya kuhariri maandishi, na karibu kazi zangu zote za seva nazifanyia humo. Ni ya bure. Bram Moolenaar, aliyeitoa mwaka 1991, aliomba tu anayeipenda awachangie watoto wa Uganda. Hata intaneti ikiwa nzito, faili linafunguka mara moja. Lakini mwezi uliopita ilinitoa jasho.

Nilikuwa nahariri faili la mipangilio kwenye seva ya mteja, Vim ikiwa ndani ya tmux ya zamani (programu inayogawa terminali moja, yaani dirisha la kuandikia amri, kuwa kadhaa). Nikishuka chini, rangi ya nyuma inakatika: penye maneno pana buluu iliyokolea, lakini mstari ukiisha, mpaka ukingoni mwa skrini ni peusi tii, kama ukuta ambao fundi kaupaka nusu akaondoka. Nabonyeza Ctrl-L ili ichore skrini upya, nashuka mistari miwili, mabaka yamerudi. Nikabadilisha mitindo mitatu ya rangi. Nikaifuta Vim, nikaiweka upya. Wapi!

Kumbe tatizo ni mstari mmoja kwenye `.bashrc`, faili la mipangilio ya terminali: `export TERM=xterm-256color`. Vim haina macho ya kuiona skrini. Inasoma jina lililo kwenye TERM, kisha inatazama kwenye terminfo, orodha ya uwezo wa kila aina ya terminali, kuona ya jina hilo inaweza nini. Iliposoma xterm, ikaamini kwamba ikifuta mstari, nafasi iliyobaki itajaa rangi ya nyuma yenyewe. tmux ile haikuwa na uwezo huo.

Nikaufuta mstari, kwenye `.tmux.conf` nikaandika `set -g default-terminal "screen-256color"`, jina la terminali isiyo na uwezo huo, nikaizima tmux yote kwa `tmux kill-server`. Nilipoiwasha tena, buluu ilifika mpaka ukingoni. Kama huruhusiwi kugusa mipangilio ya tmux, andika `:set t_ut=` ndani ya Vim, nayo itapaka nafasi hizo yenyewe.

Na ikiganda kabisa, usikimbilie kufunga dirisha ukapoteza kazi. Kwenye Vim za zamani, mara nyingi mkono umebonyeza Ctrl-S kwa mazoea ya kuhifadhi, na terminali imesimamisha maandishi. Bonyeza Ctrl-Q, yataendelea.

Ninachoilaumu Vim ni ukimya wake: haikunipa onyo lolote. Maelezo yamo kwenye `:help term.txt`, tena ya kina, ila ni lazima uwe umeshahisi kwamba tatizo ni terminali. Nyota nne kati ya tano, na sihami.