Darubini ya Dobson ya inchi 20 kwa galaksi zinazovutana, uzoefu wangu

Nimekaa na hii darubini, ya Dobson yaani ya kioo juu ya kitako rahisi cha kuzungusha kwa mkono, kioo chake inchi 20 upana, f/5 (urefu wa fokasi ni mara tano ya upana huo), msimu mzima sasa, na niliichukua kwa ajili ya kitu kimoja tu, galaksi zinazovutana na kugongana, kama zile za atlasi ya mwanaastronomia Halton Arp ya 1966, yenye galaksi 338 za maumbo ya ajabu. Kwa hiyo mambo ya sayari hapa siyagusi.

Nilianza na M51, galaksi ya mzunguko yenye mwenzake mdogo pembeni. Na ile yangu ya zamani ya inchi 8 nilikuwa naona mabonge mawili ya ukungu basi, hapa mikono inajichora kabisa mpaka ule unaomfikia huyo mwenzake, NGC 5195 (NGC ni namba za orodha ya vitu vya angani), yaani nikaelewa Lord Rosse, mwanaastronomia wa Ireland, alichokiona 1845 na lile dude lake la darubini la inchi 72. Kioo hiki kinakusanya mwanga mara sita na kitu ya kile cha 8 na jicho linaiona hiyo tofauti palepale.

Antena, jozi ya galaksi zinazogongana, NGC 4038 na 4039, nimezitazama na lenzi ya milimita 10, ukuzaji kama mara 254, anga la nyuma linaiva weusi alafu vinundu vinaanza kutokea kimoja kimoja pembezoni. Mikia yao mirefu sijaipata, nimejaribu usiku sita.

Lakini Panya jamani! NGC 4676, jozi nyingine inayogongana, miaka nuru kama milioni 300 kutoka hapa. Mwanzo ni vidoa viwili vimegusana, nikakaa juu ya ngazi dakika arobaini natazama kwa pembeni ya jicho, nagusagusa mrija utikisike kidogo maana kitu hafifu kikicheza ndo jicho linakishika, mara mkia wa kaskazini huo, kauzi kembamba, ukapotea, ukarudi, mara tatu. Nilishuka natetemeka.

Tabu zake: kioo ni kinene, kitoe nje masaa mawili kabla kipoe la sivyo picha inachemka tu, vioo unavilinganisha upya kila ukiiunganisha, na kitu kikiwa utosini ngazi gizani inataka umakini. Simu zima kabisa, nusu saa ya macho kuzoea giza inaondoka kwa sekunde moja.

Na kama unakoishi kuna taa nyingi usinunue ukubwa huu kwanza, tafuta giza. Nimeona mengi kwa inchi 12 ya rafiki yangu kwenye giza lenyewe kuliko kwa hii karibu na taa.

Mwanga wa mwezi ukiondoka narudi kwa Panya, nautaka na mkia wa pili.