Mashine yangu ya kwanza ya gemu, nimeiunda Kisauni, Mombasa: vipuri nilivyochagua na vilivyonisumbua

Nianze na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, manake ndo kila mtu huuliza kwanza. Ni RX 6600 ya kampuni ya AMD, ya GB 8, nimeipata mtumba kwa shilingi 24,000 kule Bamburi kwa kijana aliyekuwa anahamia kadi kubwa zaidi. Kabla ya hiyo nilikuwa nishaenda Nyali kuangalia nyingine aina hiyo hiyo, bei 20,000, nyumba yenyewe iko karibu na bahari hata mawimbi wayasikia ukiwa sebuleni, na kadi kwa macho ilikuwa safi kabisa mpaka boksi lake lipo. Nikawasha tochi ya simu nikamulika katikati ya feni, kwenye yale mapezi ya alumini, nikaona unga mweupe umegandia kama chumvi iliyorowa ikakauka, na ile bati ya nyuma panapochomekwa HDMI ina madoa ya kutu. Hiyo ni hewa ya bahari ishaanza kula. Pengine ingedumu mwaka, pengine wiki, mimi 20,000 yangu sikuipata kwa urahisi, nikamshukuru yule kaka nikatoka.

Ya Bamburi tuliiwashia gemu nusu saa nzima nimekaa naiangalia, joto likapanda mpaka nyuzi 71 likatulia hapo, feni hazikwaruzi, skrini haikupiga mistari, ndo nikatuma M-Pesa. Kama wauziwa kadi ya mtumba na mwenyewe hataki kuiwasha mbele yako, iache hata kama ni bei ya bure.

Nasema haya kwa sababu wengi wanaofundisha kuunda kompyuta wako Marekani na Ulaya, vyumba vyao vina baridi, stima yao haichezi, na bahari wao huenda kuitembelea wakarudi. Sisi twaishi nayo. Chumba changu kiko juu kabisa chini ya mabati, mwezi wa tatu saa nane mchana kipimajoto cha ukutani chasoma nyuzi 33, sasa mashine ikiwaka hapo inavuta hewa ya 33, haina hewa nyingine. Kwa hivyo orodha yangu niliipanga kinyume na nilivyoona watu wakipanga, nikaanza na pawa saplai, ile inayogawia vipuri vyote stima, na kasha, ndo nikaja kwa vitu vitamu.

Pawa saplai ndo nilikaa nayo sana. Maduka mengi ya mjini wanakuuzia kasha lina pawa saplai ndani tayari, imeandikwa wati 500, yote pamoja 4,500, waona umepata. Nilishika moja mkononi nyepesi kama boksi tupu. Nikasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni, laini ya volti 12 imeandikwa ampea 18. Piga hesabu, 12 mara 18 ni 216. Hizo ndo wati zenyewe, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki zote hula kwenye ile laini ya volti 12, hiyo 500 ya juu ni ya kupendezesha boksi. Prosesa yangu ni ya wati 65 na kadi ni 132, hapo feni na diski bado, na AMD wenyewe kwa RX 6600 wanataka pawa saplai isipungue 450. Nikachukua Corsair CX550 kwa 7,500, ina alama ya 80 Plus Bronze, yaani haipotezi stima nyingi kwa joto, na laini yake ya volti 12 ni karibu ampea 46, yaani karibu wati zote 550 ziko pale panapohitajika. Muuzaji alinishangaa, ati naacha kasha la taa za rangi nalipa elfu saba kwa kitu kitakachofichwa nyuma ya bati. Na mimi nasema hiki ndo kipuri pekee ambacho kikifa vibaya chaweza kuondoka na wenzake wote.

Kasha nikachukua la 6,000 ambalo uso wake ni wavu mtupu, si kioo. La kioo ni zuri nakubali, lakini kioo mbele maana yake feni zinavuta hewa kwenye upenyo wa kidole. Nikaongeza feni mbili za mbele, 1,000 zote.

Sasa hapa ndo nilipoumia. Prosesa Ryzen 5 5600 (17,500) na mothabodi, bodi kuu inayobeba vipuri vyote, aina ya B550 (15,500) niliagiza duka moja la Nairobi, zikaja na basi la usiku. Kufungua boksi, mothabodi ni B450, aina ya zamani zaidi. Nikapiga simu, jamaa akanambia hizo ni sawa tu boss, hata hiyo inabeba Ryzen 5000, yaani familia ya prosesa yangu. Nikamwamini manake nilikuwa na hamu, vipuri vyote vimejaa kitandani, mamangu kanipa meza ya kulia niitumie mpaka jioni.

Kuweka prosesa yenyewe nitawaeleza polepole kwa sababu ndo pale mkono hutetemeka. Hizi za AM4, ndo aina ya soketi ya prosesa yangu, zina miguu chini, miguu 1331 midogo kama nywele, rangi ya dhahabu, mmoja ukipinda umeingia gharama. Pembeni kuna pembetatu ndogo ya dhahabu, na kwenye mothabodi kuna pembetatu kama hiyo, unazilinganisha, unainua kile kijiti cha chuma, halafu unaiweka tu bila kusukuma na inajidondokea yenyewe mpaka chini. Ikikataa usikandamize, inua uangalie tena. Ilipokaa nikapumua.

Nikamaliza kila kitu saa kumi, nikawasha, feni zote zikazunguka, taa zikawaka, skrini giza. Nikatoa RAM nikarudisha, nikabadilisha waya, giza. Nikadhani kadi ya Bamburi imekufa, roho ikaniuma vibaya sana, na kujaribu bila kadi haiwezekani kwa sababu 5600 haina grafiki ndani yake, ile yenye herufi G mwishoni ndo inayo. Yaani huna njia ya kujua mgonjwa ni nani.

Kesho yake nikabeba kasha zima kwa tuktuk mpaka kwa fundi mmoja Mwembe Tayari, mzee mtulivu, kila mtu pale humwita Babu. Akasoma maandishi kwenye mothabodi, akaniuliza prosesa gani, akasema, "Mwanangu, bodi ni nzima, ila huyu mgeni hamjui." B450 ilitoka 2018 na Ryzen 5000 zimekuja mwisho wa 2020, kwa hivyo bodi iliyokaa stoo tangu zamani BIOS yake, ile programu ya kuiamsha bodi, haijawahi kusikia prosesa kama yangu. Akatoa Ryzen ya zamani kwenye droo yake, akaichomeka, akapakia BIOS mpya kwa flashi, dakika kumi hazikufika, akarudisha yangu, skrini ikawaka. Alitaka 500 nikampa 1,000 na shukrani kutoka moyoni.

Lile duka nilibishana nao wiki nzima. Nilikuwa na ujumbe wa WhatsApp wameandika wenyewe B550, mwisho wakanirudishia 3,000. Sijaridhika. Tofauti ya bei ilikuwa zaidi ya hapo, na RX 6600 inatumia njia 8 tu za PCIe, zile za kupitishia data kati ya kadi na bodi, sasa kwenye B450 zinakwenda kwa kasi ya kizazi cha 3 badala ya cha 4. Kwenye gemu sioni tofauti kwa macho, lakini nililipia kitu nikapewa kingine, na mtu anayeunda mara ya kwanza asiyemjua Babu angerudisha kadi nzima akidhani ni mbovu. Ukiagiza mbali waambie wakutumie picha ya bodi yenyewe kabla ya kulipa, jina limechapishwa juu yake.

RAM ni GB 16, vijiti viwili vya 8, si kimoja cha 16, kwa sababu viwili vinafanya kazi sambamba. 6,000. Ni za kasi ya 3200 lakini wiki mbili za kwanza zilikuwa zinakwenda 2133 mpaka nilipoingia kwenye BIOS nikawasha XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili, hiyo haijiwashi yenyewe. SSD, diski ya kuhifadhi, ya TB 1 ile ya kuchomeka kwenye bodi, 8,500, haina neno.

Joto nalo. Feni iliyokuja na prosesa ni ndogo, na ule mwezi wa tatu nikicheza ilikuwa inafika 86 na kelele kama mashine ya kusaga. Kikomo cha hii prosesa ni 90, kwa hivyo haikuwa imevuka, lakini sikulala vizuri. Nikanunua kipoza cha mnara chenye feni moja ya milimita 120, 2,800, nikafuta dawa ya zamani ya kupitishia joto kwa spiriti nikapaka mpya tone kama punje ya dengu, sasa saa ile ile chumba kile kile inasimama 70 na kidogo. Kama uko Pwani usisubiri kama mimi, weka pesa ya hiki kipuri toka mwanzo.

Stima. UPS, betri ya kushikilia mashine stima ikipotea, ya VA 1000 nimenunua 9,000, na hapa soma vizuri tena kwa sababu VA si wati, hii yangu ni wati 600. Ikipotea katikati ya gemu napata kama dakika 6, zanitosha kuhifadhi na kuzima kwa heshima. Zaidi ya kupotea, mimi huogopa inavyorudi, ile ya kuja kwa nguvu taa zinawaka kupita kiasi halafu zinatulia, hapo UPS ndo inasimama mbele. Mamangu alikuwa na wasiwasi wa tokeni, kila nikiwasha yuwaja mlangoni. Nikampigia hesabu mbele yake, mashine ikicheza kwa wati kama 250, saa 3 ni uniti 0.75, mwezi mzima haifiki uniti 23, na tukakubaliana hizo nazinunua mimi. Amani ikarudi nyumbani.

Kuhusu gemu zenyewe sina lalamiko lolote, alhamdulillah. FC 24 inateleza, GTA V kila kitu juu, Cyberpunk 2077 nikishusha vivuli kidogo napata fremu 60 na zaidi kwa 1080p, na binamu zangu kutoka Likoni sasa wanavuka feri kila Jumamosi. Miezi minane imefika, kila mwezi nafungua kasha natoa vumbi kwa brashi ya rangi ile laini, namulika mapezi kama nilivyomulika ya Nyali. Mpaka jana ni masafi. Skrubu mbili za nyuma tu ndo zimeanza wekundu, nimezibadilisha nikaweka za stenlesi. Skrini ndo bado ile ile ya zamani ya hezi 60, hiyo naiwekea akiba.