Uzoefu wangu: bima kubwa ya gari kwa dereva mpya, Morogoro

Gari ni Toyota IST ya matumizi binafsi, leseni ni mpya ya daraja D (la magari madogo binafsi), na njia za kila siku ni mjini na Mazimbu, mara mojamoja Mzumbe. Bima nimeikata kwa wakala mwenye ofisi hapa hapa Morogoro. Nampa nyota nne kati ya tano.

Kwenye bei msihangaike sana. Viwango vya chini anavipanga msimamizi wa soko la bima nchini, TIRA. Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 100,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 118,000. Anayekuuzia kwa 60,000 anakuuzia karatasi. Bima kubwa nilikatiwa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari: kwa gari la milioni 12 ni 420,000, VAT 75,600, jumla 495,600. Tofauti ya 377,600 inauma kwa mwanafunzi, lakini bima ndogo humlipa uliyemgonga tu. Bampa na taa zako unajijua mwenyewe.

Hapo ndipo wengi hutafuta njia ya mkato: gari la milioni 12 linaandikwa milioni 8 ili ada ishuke. Ada inashuka kweli, kwa 165,200 pamoja na VAT. Sasa pata ajali ya matengenezo ya milioni 3. Kampuni inasema umekatia theluthi mbili tu ya gari, kwa hiyo inakulipa theluthi mbili ya hasara, yaani milioni 2. Na hapo bado hawajakata ekisesi, kile kiasi unachojibebea mwenyewe katika kila dai. Andika bei ambayo gari lako lingeuzwa leo, wala si ile uliyonunulia miaka mitatu nyuma.

Ekisesi yenyewe isome kwa jicho kali. Mikataba mingi ina ekisesi ya kawaida, kisha ina nyingine ya juu yake kwa dereva mwenye umri mdogo au leseni changa. Uliza hivi kabla ya kulipa: "Dereva huyu akigonga, jumla ananibakizia shilingi ngapi?" Wakala wangu alinijibu kwa tarakimu na kunionyesha ukurasa. Akikujibu "usijali, tutaangalia", nenda ofisi ya pili.

Fomu ya maombi ijaze kwa mkono wako. Mawakala hupenda kukusaidia, na katika kusaidia wanaandika kwamba dereva ana uzoefu wa miaka mingi kwa sababu ndivyo fomu inavyopita haraka. Siku ya dai, fomu hiyo ndiyo inayofunguliwa kwanza. Kama gari ni la baba na anayeliendesha ni mtoto aliye chuoni, iandikwe hivyo. Kama kadi ya gari bado ina jina la aliyekuuzia, malizia uhamisho TRA kwanza. Bima yake haikufuati wewe. Na mwenye leseni ya kujifunzia asishike usukani akitegemea bima ya rafiki.

Jambo jingine la mji wa vyuo: kubeba wenzako kwa nauli. Ukiwa na bima ya matumizi binafsi, ile "changia mafuta" ya kila asubuhi, au kuingia kwenye programu za teksi jioni, ni biashara. Ajali ikitokea na abiria akasema alilipa, dai linaweza kukataliwa lote.

Ukishalipa (bila malipo bima haianzi, hata kama umeahidiwa), ingia kwenye mfumo wa uhakiki wa TIRA, weka namba ya gari, uone kampuni, aina ya bima na tarehe ya mwisho. Trafiki naye huhakiki kwa simu. Linganisha herufi kwa herufi. D ikiandikwa B kwenye namba, mfumo haukutambui.

Kwenye dai ndipo utakapoona faida ya wakala wa karibu. Ukigongana, piga picha magari kabla hayajasogezwa, ita polisi, piga simu kwa wakala siku hiyo hiyo. Usikubali kumalizana barabarani, wala usiandike kikaratasi cha kukiri kosa. Unaifungia kampuni mikono, nayo itakuachia mzigo. Utahitaji ripoti ya polisi PF 90, ripoti ya ukaguzi wa gari PF 93, nakala ya leseni na kadi, na makadirio ya gereji. PF 90 ndiyo huchelewesha, maana polisi huitoa wakishamaliza shauri lao. Wakala aliye mjini anaifuatilia. Wa mbali anakutumia meseji ya kukukumbusha. Gereji isianze kufungua gari kabla mkadiriaji wa kampuni ya bima hajaliona.

Nyota niliyoibana ni ya makaratasi: nilipewa stika na risiti, mkataba kamili nikaupata baada ya kuudai. Humo ndimo nilipoona kuwa wizi wa vifaa vya nje una kikomo kidogo. Kwa IST hilo si dogo, vioo vya pembeni vinang'olewa usiku ukiwa umelala hosteli. Nendeni mkachore namba ya gari kwenye vioo na taa, ni kazi ya muda mfupi kwa fundi.

Dai likikataliwa bila sababu ya kueleweka, omba barua ya kukataa kwa maandishi, kisha uipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na mnaomaliza chuo na kuuza gari katikati ya mwaka: andikeni barua ya kusitisha bima siku ya mauzo, mkiwa hamna dai. Kwa bima kubwa kuna sehemu ya ada hurudishwa, na kila mwezi unaopita inapungua.