Mita ya joto ya kidijitali kwenye tanki la maziwa: uzoefu wangu wa miezi minane

Mita hii ya paneli niliinunua shilingi 7,800 katika duka la vifaa vya viwandani huku Industrial Area, Nairobi. Tunatengeneza mala, yaani maziwa ya kuganda, na saa ya joto ya mshale iliyokuwa kwenye tanki ilikuwa imeshachoka, kioo kimefifia hadi mtu wa zamu akawa anakisia. Mita mpya inapokea sensa za aina nyingi: Pt100 (sensa ya joto ya platini), termokapo (sensa ya waya za metali mbili tofauti), hata vifaa vinavyotuma kipimo kwa mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20. Ina rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na mita yenyewe, na tarakimu nyekundu unazozisoma ukiwa upande wa pili wa chumba.

Kuipachika kulinitoa jasho. Inataka tundu la milimita 92 kwa 45, na paneli yetu ilikuwa na tundu la duara, kwa hiyo ikawa kazi ya tupa asubuhi nzima. Kisha nikaiunga na sensa ya Pt100, ikaanza kuwaka na kuzima bila kusoma chochote. Ilikuwa imetoka kiwandani ikiwa imewekwa termokapo ya aina ya K, na ni lazima uingie kwenye menyu ubadilishe mwenyewe. Kijitabu chake kina herufi ndogo kama mbegu za mchicha na vifupisho visivyoelezwa. Hapo naikata alama.

Muuzaji alikuwa ameniambia, "Hii imekalibrishwa tayari, wewe funga tu." Yaani imeshalinganishwa na kipimo sahihi. Mita yenyewe, sawa, ilikuwa imekalibrishwa. Lakini joto halifiki kwenye mita bila kupita kwenye sensa na kebo.

Siku ya tatu, kabla hatujatia maziwa, nilijaza chupa ya chai barafu iliyopondwa na maji kidogo, nikakoroga, nikatumbukiza sensa. Nilitarajia sifuri. Mita ikatulia kwenye 5.5. Nikasubiri dakika kumi zaidi, ikabaki palepale.

Nilipofungua menyu nikakuta mtu ameongeza ofseti ya 2.8, yaani namba ambayo mita huijumlisha kwenye kila inachosoma. Nikamuuliza kijana wa zamu.

"Ni mimi, fundi. Nilichemsha maji yakasoma 97, nikaiweka sawa isome mia. Si maji huchemka mia?"

"Yanachemka mia Mombasa, ndugu yangu. Hapa tuko juu."

Hakuwa na nia mbaya, ndivyo tulivyofundishwa sote shuleni. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji hapa kwetu huchemka kwenye nyuzi 94 na nusu hivi. Kwa hiyo hata ile 97 ilikuwa imezidi. Nikaondoa ofseti yake, nikarudi kwenye barafu, ikasoma 2.7.

Hiyo iliyobaki ilikuwa ya kebo. Pt100 hupima joto kwa ukinzani: omu 100 kwenye sifuri, na kila nyuzi moja huongeza takriban omu 0.385. Sensa yetu ina waya tatu, nyekundu mbili na nyeupe moja, ili mita iweze kuutoa ukinzani wa kebo yenyewe. Fundi umeme alikuwa amevuta kebo ya waya mbili, mita 15 kutoka kwenye tanki, halafu akaunganisha skrubu mbili nyuma ya mita kwa kipande kifupi cha waya. Shaba nyembamba, kwenda na kurudi, ni kama omu moja, na omu moja ni karibu nyuzi tatu za uongo.

Nilipopiga hesabu mikono ilinilegea. Sisi hupasha maziwa nyuzi 63 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu. Kwa makosa yote mawili, ofseti na kebo, mita ingezidisha 5.5: ingesoma 63, daftari lingeandikwa 63, na maziwa yangekaa kwenye 57 na nusu nusu saa nzima, kisha yaende kwa watoto wa watu.

Nikavuta kebo ya waya tatu yenye kinga, nikaacha ofseti sifuri. Barafu ikasoma 0.1. Maji yanayochemka, 94.5. Kipimajoto chetu cha rejea, kile cha kupimia usahihi wa mita, tulikipeleka maabara ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), Popo Road, na tangu kirudi nalinganisha kila mwezi kwenye 63 penyewe, maana ndipo tunapofanyia kazi. Haijawahi kupishana zaidi ya nusu nyuzi.

Mita ya pili kama hii nimeiweka kwenye presha ya boila, kwa miliampia. Hiyo ilikuwa rahisi: 4 ni sifuri, 20 ni ba 10 (ba ni kipimo cha presha), nikailisha miliampia 12, ambayo ni katikati, ikasoma 5.0, basi.

Jambo moja la kulifanya siku hiyohiyo ya kwanza: fungeni menyu kwa namba ya siri. Iko mwishoni kabisa mwa kijitabu, na mimi niliikuta nikiwa nimeshachelewa. Naipa nyota nne. Nyingine naiagiza wiki ijayo kwa chumba cha baridi, na kebo ya waya tatu nimeshainunua.