Feni za Arctic P12 kwa Kompyuta Inayochemka Msimu wa Joto

Kompyuta ya mezani inayofanya kazi vizuri asubuhi na kuanza kukwamakwama jua linapokuwa kali mara nyingi haina kasoro ya programu. Prosesa, yaani chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta, inapokaribia kikomo chake cha joto, ambacho kwa nyingi za sasa ni kati ya nyuzi 95 na 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi ili isiungue, na joto likizidi hapo mashine huzimika ghafla. Kwa sababu hiyo niliona ni busara kubadilisha feni za kasha kabla ya kuwaza kununua kompyuta nyingine, nikachagua Arctic P12 PWM PST, feni ya milimita 120 yenye mapanga matano.

Feni hii imeundwa kusukuma hewa penye vizuizi, na hiyo ndiyo hali halisi ya kasha lenye chujio la vumbi upande wa mbele. Kasi yake huongozwa na ubao mama, yaani sakiti kuu inayounganisha vipuri vyote, kupitia kebo ya pini nne, kuanzia mizunguko 200 hadi 1,800 kwa dakika, na kebo hiyo ina tundu la kuunganishia feni ya pili. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ni msaada mkubwa kwa mwenye ubao mama wenye nafasi chache za feni. Ikizunguka polepole haisikiki. Ikifika kasi ya juu mvumo wake unasikika wazi, kwa hiyo inafaa kupanga katika mipangilio ya ubao mama iongeze kasi taratibu kadiri joto linavyopanda.

Mpangilio una uzito kuliko idadi. Feni za mbele ziingize hewa, ya nyuma iitoe, kwa kuwa hewa moto hupanda na kujikusanya juu, nyuma ya kasha. Upande wa feni wenye vishikio vya mota ndio hewa inakotokea, na mwenye shaka asogeze kipande cha karatasi nyepesi: upande wa kuvuta kitanaswa, upande wa kusukuma kitapeperuka. Nimeona makasha ambayo feni zote zinaingiza hewa na hakuna hata moja inayoitoa, na mwenyewe anashangaa kwa nini joto halishuki.

Hata hivyo, hakuna feni inayoweza kupoza prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 34, hewa inayoingia ni ya nyuzi 34, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka takribani vilevile ndani ya mashine. Feni mpya pia haisaidii kitu ikiwa mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa yamezibwa na vumbi lililoshikana kama blanketi, nalo huwa limejificha nyuma ya feni ndogo ya prosesa, mahali ambapo jicho halifiki mpaka feni hiyo ifunguliwe. Vumbi hilo litolewe kwa brashi laini, umeme ukiwa umechomolewa na mapanga yakishikwa yasizunguke.

Kwa kasha lenye wavu mbele, naipendekeza feni hii bila kusita. Kwa kasha lililozibwa kioo mbele, fedha hiyo ni afadhali iwekwe kando kwa ajili ya kasha jingine. Kabla ya kununua, fungua ubavu wa kasha, ipe mashine kazi nzito kisha tazama kipimo cha joto. Kikishuka sana, kasha lilikuwa limekosa hewa na feni hizi zitasaidia. Kikibaki palepale, tatizo liko kwenye kipoozi cha prosesa (yale mapezi na feni yake) au pesti ya kupitishia joto iliyokauka chini yake, na hiyo ndiyo ibadilishwe kwanza.