Voliyumu za Docker baada ya msimu mmoja wa mchele: tathmini kutoka Mbeya

Kwa sisi tunaoishi kandokando ya barabara ya TANZAM, neno kontena hutukumbusha kwanza malori yanayopanda kutoka Iringa kuelekea Tunduma, na kila mtu anajua kwamba chenye thamani ni mzigo, si bati lililoufunika. Docker, programu iliyotolewa kwa umma mwaka 2013, ina makontena ya namna nyingine: vifurushi vinavyoendesha programu vikiwa vimetengwa na kompyuta iliyobaki. Hayo yameundwa ili yavunjwe na kujengwa upya wakati wowote, na kinachoandikwa ndani yake bila utaratibu maalumu huondoka nayo siku yanapofutwa. Ninachotathmini hapa ni utaratibu huo, yaani voliyumu, sehemu ya diski inayotunza data nje ya kontena, baada ya kuutegemea kwa msimu mzima kutunza kumbukumbu za ghala moja la mchele hapa mjini.

Kompyuta ya ghala ni ya kawaida, inatumia Linux, na inaendesha makontena mawili: moja la programu ambayo karani huingizia magunia yanayofika kutoka Kyela na Mbarali, na jingine la kanzidata ya PostgreSQL. Nilipoandika kwa mara ya kwanza faili la Compose, linaloieleza Docker makontena ya kuendesha na mipangilio yake, sikuitaja voliyumu yoyote, na kosa hilo lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nimezima na kuwasha kompyuta mara kadhaa, nikakuta takwimu zipo, nikaridhika, nisijue kwamba kuzima kontena na kulifuta ni mambo mawili, kwa kuwa kontena lililozimwa huamka na vitu vyake vyote. Wiki iliyofuata nilitumia amri ya docker compose down ili nibadilishe mpangilio fulani, nikawasha tena, na haikupita nusu saa karani akanipigia simu: “Kaka, magunia yamekwenda wapi? Mfumo unasema ghala ni tupu.”

Magunia yalikuwapo. Imeji rasmi ya PostgreSQL, yaani kiolezo ambacho kontena huundwa kwacho, hujitengenezea voliyumu isiyo na jina endapo mtumiaji hakuipa yake, na amri niliyoitumia hufuta kontena lakini huiacha voliyumu hiyo diskini, kisha kontena jipya hupewa nyingine iliyo tupu. Nilipoorodhesha voliyumu nilizikuta mbili, kila moja ikiitwa kwa mfululizo wa herufi na tarakimu 64, nikaitambua ya zamani kwa tarehe ya kuundwa kwake, nikairudisha. Nakiri kwamba tabia hii iliniokoa. Hata hivyo bado naiona kuwa ya kificho mno kwa kitu kinachoshika hesabu za watu, kwa sababu hakuna ujumbe wowote uliosema kwamba data imebaki nyuma, na mtu asiyejua pa kuangalia angeanza kuhesabu magunia upya.

Tangu nilipoipa voliyumu jina ndani ya faili la Compose, sijaona tatizo la namna hiyo tena. Nimefuta na kuunda makontena mara nyingi, umeme umekatika katikati ya kazi, na kila mara kanzidata imesimama na rekodi zake, ingawa sifa ya kuhimili umeme ni ya PostgreSQL yenyewe, ambayo huandika mabadiliko kwenye kumbukumbu ya awali kabla ya kuyaingiza katika mafaili makuu. Ninachokilalamikia ni alama ya -v: ukiiongeza kwenye amri ile ile ya down, voliyumu zenye majina nazo hufutwa papo hapo bila kuulizwa swali, ilhali amri ya kusafisha voliyumu zisizotumika huuliza kwanza, na tangu toleo la 23.0 la Docker haigusi zenye majina isipokuwa umeiagiza.

Njia ya pili, ya kuunganisha folda ya kompyuta moja kwa moja na kontena, nimeibakiza kwa mafaili ya mipangilio na ripoti ambazo mhasibu huzifungua mwenyewe. Inafaa, ila ruhusa za Linux hufuata namba ya mtumiaji wala si jina lake, hivyo ripoti zilizoandikwa na kontena zilimgomea mhasibu mpaka nilipolinganisha namba za pande zote mbili.

Anayefikiria kuitumia aelewe pia kwamba voliyumu si nakala rudufu. Inakaa kwenye diski ile ile, kwa kawaida chini ya /var/lib/docker/volumes, na diski ikifa nayo imekufa. Kila usiku natoa nakala kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kunakili kanzidata, na kuihamishia kwenye diski ya nje, kwa sababu kunakili mafaili ya kanzidata ikiwa inafanya kazi huweza kutoa nakala isiyofunguka. Nakala hizo zilinifaa nilipohama kutoka PostgreSQL 15 kwenda 16, kwani toleo jipya hukataa kufungua voliyumu iliyoandikwa na la zamani.

Kwa upande wa gharama, Docker Engine kwenye Linux ni ya bure na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo ghala limelipia kompyuta na diski ya nje tu. Naipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja nimeizuia kwa ajili ya alama ya -v.