Uzoefu wangu na gari la umeme: mtetemo umeshindwa, kelele bado

Nilipohama kutoka gari dogo la petroli lenye injini ya silinda tatu na kuanza kuendesha gari la umeme la ukubwa wa kati, nilichokifuatilia kwa makini, kuliko hata umbali linaokwenda kwa chaji moja, ni sauti na mitetemo. Kazi yangu ni ya safari ndefu, na uchovu ninaoshuka nao garini huletwa zaidi na mngurumo usiokatika kuliko na barabara yenyewe. Kwa upande wa mtetemo, wahandisi wa gari hili wamenipa zaidi ya nilivyotarajia. Kelele ni habari nyingine.

Injini ya silinda tatu yenye mapigo manne huchoma mafuta mara tatu katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo gari likiwa limesimama na injini inazunguka mara 800 kwa dakika, hutoa mishindo 20 kila sekunde. Katika gari langu la zamani mishindo hiyo ilifika hadi kwenye kioo cha kuangalizia nyuma, na kila niliposimama kwenye foleni niliona taa za magari yaliyonifuata zikichezacheza ndani yake. Wabunifu huipunguza kwa mipira inayobeba injini, mingine ikijazwa kimiminika, na baadhi huongeza shafti ya kusawazisha inayozunguka kinyume na mwelekeo wa injini. Mota ya umeme haina pistoni za kupanda na kushuka, hivyo gari langu la sasa linaposimama, usukani umetulia kabisa mikononi.

Lakini injini ilikuwa ikifunika mambo mengi, na ilipoondoka yote yakajitokeza: upepo kwenye vioo vya pembeni, vishindo vya springi, mlio mwembamba wa mota na gia zake, na hata plastiki mbili za dashibodi zilizokuwa zikisuguana asubuhi za baridi. Hilo la dashibodi fundi alilimaliza kwa kubandika utepe mwembamba wa kitambaa katikati yake. Kwenye gari la petroli nisingelisikia kamwe.

Ukishusha kioo cha mlango wa mbele hadi nusu na kutazama ukingo wake wa juu, utaona mstari mwembamba katikati: ni tabaka la plastiki laini lililobanwa kati ya vioo viwili ili kuua mtetemo wa kioo kabla haujawa sauti. Milango ya nyuma ya gari langu ina kioo kimoja tu. Nguvu ya kelele ya upepo hukua upesi mno kuliko mwendo, takriban kwa kipeo cha tano hadi cha sita, kiasi kwamba kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa kunaweza kuongeza kama desibeli 7 au 8. Kwa mwendo huo mimi huzungumza na aliye pembeni yangu kwa sauti ya kawaida, ilhali walioketi nyuma hulazimika kuinua sauti. Kwa gari linalouzwa kama la familia, naona huo ni ubahili usiofaa.

Matairi yalinifundisha zaidi. Hewa iliyomo ndani ya tairi huvuma kwa masafa ya karibu hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, na kwenye lami yenye kokoto kubwa uvumi huo hupita kwenye springi na bodi hadi masikioni. Matairi yaliyokuja na gari yalikuwa na sponji iliyogundishwa ndani ili kuunyonya. Yalipoisha nikafunga ya kawaida ya saizi ileile, na tofauti ilisikika siku hiyohiyo kama ngoma ya mbali kila nilipopita kwenye lami ya aina hiyo. Nilirudi kwenye yenye sponji. Anayeyanunua ajue tu kwamba tairi hilo likitoboka, fundi hulazimika kukata sponji mahali pa tundu kabla ya kuziba, na si kila fundi hukubali.

Gari lina pia maikrofoni darini na spika zinazotoa wimbi la kinyume ili kufuta mngurumo, mbinu ambayo Nissan waliiweka kwenye Bluebird mwaka 1992. Husaidia kwa sauti nzito tu, kelele ya upepo haiigusi.

Sauti ya nje ya kuwaonya waenda kwa miguu naiunga mkono bila kusita, kwa sababu asiyeona hutegemea masikio yake kuvuka barabara. Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa magari yote mapya ya umeme tangu Julai 2021, hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa na wakati wa kurudi nyuma. Kinachonikera ni mngurumo wa kubuni unaotoka kwenye spika za ndani ninapoongeza mwendo. Naweza kuuzima, lakini kila ninapowasha gari upya hurudi wenyewe, na menyu yake imefichwa mbali kwenye skrini.

Kwa hiyo gari hili nalipendekeza kwa anayeendesha peke yake au na abiria mmoja wa mbele. Mwenye watoto au wazee wa kuwabeba aombe kulijaribu kwenye lami mbovu kwa mwendo wa barabara kuu, redio na feni zikiwa zimezimwa, mtu mwingine akiwa usukanini na yeye mwenyewe ameketi kiti cha nyuma.